Amri ya 1687 na Misonobari ya Cape Town

Mwaka 1687 watawala wa Kiholanzi katika Rasi ya Tumaini Jema walitoa amri kali: atakayewasha moto nyikani achapwe viboko, na akirudia kosa anyongwe. Amri hiyo iliwalenga wengi, wakiwamo Wakhoikhoi, wafugaji waliokuwa wakihama na mifugo yao katika nchi hiyo tangu zamani, kabla Mholanzi Jan van Riebeeck hajatia nanga mwaka 1652. Wao walikuwa na desturi ya kuchoma nyika iliyozeeka ili majani mabichi yachipue kwa ajili ya malisho. Kwa mlowezi mwenye shamba la ngano na nyumba ya kuezekwa kwa nyasi, moto huohuo ulikuwa balaa. Ninaitaja amri hii kwa sababu kazi inayofanywa leo ya kukata miti hatari kuzunguka Cape Town mara nyingi huelezwa kana kwamba ni vita vipya dhidi ya mazingira, ilhali ni marekebisho ya mambo mawili yaliyoamuliwa na binadamu: kwanza kuukataza moto, kisha kujaza miti ya kigeni mahali ambapo moto lazima ufike.

Uoto wa asili wa huko, unaoitwa fainbosi, ni vichaka vifupi vya majani magumu vinavyoishi kwa moto. Mbegu za mimea mingi ya jamii ya protea hukaa miaka mingi ndani ya vichwa vya maua vilivyofunga, zikisubiri kichaka kiungue ndipo zidondoke kwenye ardhi iliyo wazi. Kwa kawaida vichaka hivyo huungua kila baada ya miaka 10 hadi 20 hivi. Nchi ya namna hiyo ina mbao chache, na walowezi walihitaji mbao za nyumba, za meli na, baadaye, za migodi. Kwa hiyo wakaleta misonobari kutoka nchi za Mediterania na California, na akasia na hakea kutoka Australia. Katika karne ya 19 serikali ya koloni ilipanda akasia kwenye mchanga wa tambarare ya Cape Flats ili usipeperuke, na miaka ya 1880 ikaanzisha shamba la misonobari huko Tokai, chini ya milima. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wapandaji waliamini wanaiponya nchi iliyokosa kivuli. Lakini miti hiyo haikubaki ndani ya mipaka ya mashamba. Mbegu za msonobari zina mabawa na hupaa hadi vileleni, na mbegu za akasia hukaa udongoni miaka mingi, kisha joto la moto huziamsha kwa maelfu.

Mtu anaweza kuuliza: kama fainbosi yenyewe ni lazima iungue, kuna faida gani kuondoa misonobari? Swali ni zuri, na jibu liko kwenye wingi wa kuni. Msitu wa miti ya kigeni una kuni nyingi kuliko vichaka, una matawi yanayoupandisha moto hadi juu, na hurusha cheche mbali, mbele ya wazima moto. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanzia karibu na Rhodes Memorial, penye misonobari mikongwe na takataka zake, ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha maktaba kiitwacho Jagger, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vya mkusanyo wa taaluma za Afrika. Kwa yeyote anayejali maandishi ya bara hili, hasara hiyo bado inauma.

Pingamizi la pili hutoka kwa wakazi wa kusini mwa jiji wanaopenda kutembea chini ya misonobari ya Tokai; mgogoro wao ulifika hadi mahakamani. Siwabezi. Kivuli ni haki kubwa katika jiji lenye kiangazi kikali, na uamuzi wa kukata usioshauriana na watu huzaa chuki isiyo ya lazima. Hata hivyo kivuli kinaweza kupandwa katika bustani mbali na miteremko inayoungua, lakini moto hauwezi kuambiwa upite kwingine.

Pingamizi lenye nguvu zaidi, kwangu, ni la wanaosema ukataji wenyewe umeleta hatari. Hilo limewahi kuwa kweli. Katika moto mkubwa wa Januari 2000 kwenye rasi ya Cape Town, mahali ambapo miti ilikuwa imekatwa na magogo kuachwa chini, udongo uliungua vibaya kuliko penginepo. Ndiyo maana mpango wa Working for Water, ulioanzishwa mwaka 1995 chini ya waziri Kader Asmal, haupaswi kuhukumiwa kwa hekta zilizokatwa pekee. Mpango huo uliwaajiri maelfu ya watu maskini kung'oa miti inayokunywa maji ya mito, na kupunguza kuni za moto kulikuja kama faida ya pili. Lakini baadhi ya akasia zilizokatwa huchipua tena kutoka kwenye visiki, na miche ya akasia huota upya baada ya moto. Timu isiyorudi mwaka wa pili na wa tatu imepoteza mshahara wa mwaka wa kwanza. Wakhoikhoi walirudi kila msimu. Idara ya misitu ya Afrika Kusini nayo, baada ya miongo ya kuuzuia moto, iliona mimea adimu ikififia na mwaka 1968 ikaanza kuchoma nyika ya milimani kwa mpango. Sheria ya moto ya mwaka 1998 ikawapa wenye ardhi wajibu wa kuandaa njia za kuzuia moto mipakani mwao.

Yote haya hayamsaidii sana mkazi wa Imizamo Yethu, mtaa wa mabanda huko Hout Bay, ambako Machi 2017 moto uliteketeza zaidi ya makazi 2,000 bila kusubiri msonobari wowote. Huko kinga ni nafasi kati ya nyumba, bomba la maji lenye nguvu na barabara inayopitisha gari la zimamoto. Pesa ya kukata miti mlimani isichukuliwe kwenye pesa ya kinga hiyo.