Sisi wa Chini ya Chetambe

Kwaya yetu ilizaliwa chini ya kilima cha Chetambe, Webuye. Huko juu, mwaka 1895, Wabukusu walijikinga ndani ya boma la kuta za udongo wakapigana na jeshi la Waingereza. Wengi walikufa. Tulipokuwa wadogo wazee walitukataza kupiga kelele pale.

Lakini kijiji kidogo kina utamu wake! Mmoja wa besi akikohoa, kabla ya jioni sauti ya kwanza wamefika kwake na chai ya tangawizi. Tukitoka kuimba Kitale usiku, mbwa wa njiani hawatubwekei.

Waliotusimulia habari za boma wamebaki wachache. Mwezi uliopita tuliwashika mikono, tukapanda nao, tukaimba bila kinanda, kwa sauti ya chini.