Dua ya Utendi na Ulumbi wa Kumuse: Imani Mbalimbali katika Somo la Fasihi

Mwalimu wa Kiswahili katika sehemu kama Myanga, magharibi mwa Bungoma, hufundisha darasa lenye imani nyingi. Humo huketi mtoto wa kanisa la Friends, wa Kikatoliki, wa Kiislamu, na yule ambaye babu yake alifuata Dini ya Musambwa. Wote watafanya mtihani mmoja. Je, ni usemi wa nani unaohesabiwa kuwa fasihi?

Tuanze na Pwani. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wa wasia. Mapema katika utendi huo anamwagiza binti alete wino na karatasi, kisha amtaje Mungu na kumsalia Mtume kabla ya wasia kuanza. Aghalabu mwanafunzi wa bara akifika hapo hulifunga daftari akisema, "Haya ni ya Waislamu." Amekosea. Dua hiyo ni ibada, lakini pia ni sehemu ya muundo: humpa msemaji idhini ya kusema na humtayarisha msikilizaji kupokea nasaha.

Historia inathibitisha kwamba umbo hilo halikufungwa katika dini moja. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliimba siasa, mapenzi na maisha ya mji wake. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma na Mkristo, alitumia utenzi kusimulia Injili. Hakuuacha Ukristo wake ili atunge, wala hakuubeza urithi aliourithi kutoka kwa malenga Waislamu.

Sasa tuje nyumbani. Mzee mwenye heshima akifariki miongoni mwa Wabukusu, baada ya mazishi huitwa mlumbi wa kumuse. Huyu hutoka katika koo maalum. Husimama mbele ya umati, akasimulia chimbuko la jamii na safari za wahenga, akataja koo, akaonya vijana na kuwaliwaza wafiwa. Huu ni ulumbi kamili: kuna ufasaha, takriri, methali, taswira na hadhira hai.

Hata hivyo, urithi huu ulitiwa doa. Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na makanisa mengi yakaziona mila kama hizi kuwa ushenzi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Dini ya Musambwa ya Elijah Masinde. Ingawa kumuse si dini hiyo, watu wengi walizoea kuyatia yote katika kapu moja. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, mtoto wa Bungoma alikuja darasani akiwa ameshafundishwa kuuonea haya usemi wa babu yake.

Hasara yake inaonekana katika majibu. Mtahiniwa akiulizwa sifa za ulumbi, huandika fasili aliyoikariri, bila mfano hata mmoja, ilhali aliketi matangani akimsikiliza mlumbi saa nzima.

Baadhi ya wazazi huuliza kama kufundisha kumuse si kurudisha mizimu shuleni. Swali lao ni la haki na lijibiwe kwa heshima: kuhakiki si kuabudu. Mkristo anayechambua dua ya Mwana Kupona hajasilimu, na Mwislamu anayechambua kumuse hajatambika.

Mwalimu aziweke tungo hizi mbili bega kwa bega. Zote ni wasia, na zote huanza kwa kuonyesha msemaji amepata wapi haki ya kusema. Tofauti pia zitajwe: mmoja uliandikwa kwa hati ya Kiarabu na mama kwa bintiye, mwingine hutamkwa hadharani na mzee wa kiume. Mwanafunzi ataona mara moja jinsi jinsia, imani na hadhira zinavyoumba usemi.

Nawe mtahiniwa, usihubiri katika jibu lako, wala usiihukumu imani ya mtunzi. Eleza imani hiyo inafanya kazi gani katika utungo, kisha toa mfano. Na kama mfano bora unaoujua ulitoka kinywani mwa mzee wa kijiji chako, uandike bila haya.