Bukumbi na miaka ya bila padri

Wadau, tukitaja Mashahidi wa Uganda huwa tunakimbilia moto wa Namugongo, Juni 3, 1886. Mimi kinachonivutia zaidi ni miaka ya kabla yake, na sehemu ya habari hiyo iko hapahapa kwetu Mwanza.

Novemba 1882 mapadri wa Wamisionari wa Afrika, akina Livinhac na Lourdel, waliona Buganda hakukaliki. Wakafunga virago, wakavuka ziwa kuja kusini, na 1883 wakaanzisha misheni Bukumbi, ambayo leo iko wilayani Misungwi. Nyuma waliacha Wakristo wachanga kabisa. Hakuna padri, hakuna misa. Ningekuwa mwandishi wa habari wa enzi hizo, ningeandika kwamba kazi imekufa.

Haikufa. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu aliyebatizwa mwaka huohuo wa 1882, aliendelea kuwafundisha vijana wenzake. Lourdel aliporudi 1885 alikuta kundi limekua.

Novemba 15 mwaka huo Kabaka Mwanga akaamuru Mukasa auawe. Alikuwa amethubutu kumlaumu kwa kifo cha Askofu Hannington. Usiku uleule Charles Lwanga alikwenda kwa mapadri, akabatizwa.