Ramani za Kale na Historia ya Nyalikungu

Nyalikungu ni kata ya mji wa Maswa, Mkoa wa Simiyu, Tanzania. Ramani za kale za eneo hili huonyesha jinsi njia, makazi na mipaka ilivyobadilika.

Msafiri Henry Morton Stanley alipita Usukuma, eneo ambamo Maswa imo, mwaka 1875 akielekea Ziwa Viktoria, na Mto Simiyu ukaingia katika ramani ya safari yake. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Paul Sprigade na Max Moisel walichora ramani za skeli ya 1:300,000, zilizochapwa Berlin. Zilitegemea sana vipimo vya wasafiri, hivyo maelezo hujaa kando ya njia na kupungua mbali nazo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege ziliwezesha ramani za 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1.

Mipaka nayo ina historia. Wilaya ya Maswa ya zamani ilijumuisha Bariadi na Meatu za leo. Ndiyo maana Pori la Akiba la Maswa lina jina hilo ingawa liko nje ya wilaya ya sasa. Mwaka 2012 Maswa ilitoka Mkoa wa Shinyanga na kuingia Simiyu, makao makuu yakiwa Bariadi.

Mtafiti aanze na mto au kilima, kwa kuwa majina ya vijiji huhama, kisha awaulize wazee. Nafasi tupu kwenye ramani isichukuliwe kuwa ushahidi kwamba hapakuwa na watu.