Mizigo ya Nyanza Kusini na Kamba Zilizobaki Kisumu

Ogwedhi iko mbali na maji. Soko lake liko upande wa bara wa Kaunti ya Migori, karibu na Transmara, mahali ambapo Wajaluo, Wamaasai na Wakuria wamezoea kukutana kwa ng'ombe na nafaka. Lakini kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, mzigo wa Nyanza Kusini uliotafuta reli ulipita Ziwa Viktoria. Barabara ziligeuka tope masika yakianza, na garimoshi lilikuwa Kisumu, ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Mahindi, njugu, ufuta, ngozi na pamba viliteremshwa hadi Kendu Bay, Homa Bay au Karungu, vikangoja meli gatini.

Meli zenyewe zilifika zikiwa mizigo. William Mackinnon, ya kwanza katika jamii yake, iliundwa Uskoti katika miaka ya 1890, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Mombasa. Vipande vingi vilibebwa na wapagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa takriban kilo 30. Bamba la chuma lililofungwa vibaya lilimchubua mtu bega kwa mamia ya kilomita, au likaachwa porini. Meli iliteremshwa majini Kisumu mwaka 1900, miaka kadhaa baada ya vipande kuanza safari. Reli ilifika mwishoni mwa 1901, na baada ya hapo Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga na Rusinga zilifuata kwa wepesi zaidi.

Meli hizo zilileta nidhamu ya kazi ambayo wakulima waliosimama gatini hawakuiona, kwa kuwa ilifanyika chini ya sitaha. Kwanza zilitandikwa mbao, ili magunia yasilowe na yasiteleze juu ya chuma. Kisha magunia yakapangwa kwa kupishana, safu hii ikifunga kiungo cha safu iliyo chini yake, hadi pengo kati ya mzigo na ubavu wa meli likazibwa. Marobota ya pamba kutoka viwanda vya kuchambulia vya Kendu na Homa Bay ni mepesi kuliko ukubwa wake, kwa hiyo mahali pake pa haki ni juu ya nafaka. Mapipa ya mafuta husimamishwa wima na kufungwa pamoja. Pipa lililolala huanza kubingirika wimbi la kwanza likipiga. Kamba huja mwisho. Baharia mzuri hufunga mzigo ambao tayari hauna pa kwenda.

Vita vya 1914 viliwaongezea mabaharia hao mzigo wa aina nyingine. Septemba mwaka huo Wajerumani waliingia Kisii na Karungu. Winifred ilipokaribia Karungu ilikutana na meli ndogo ya Kijerumani iliyoitwa Muansa, yenye silaha, ikalazimika kurudi nyuma, kisha ikaja tena pamoja na chombo kingine, Kavirondo. Meli za abiria na pamba zikafungwa mizinga. Mzinga ukifyatuka husukuma nyuma kwa nguvu kubwa, na sitaha iliyojengwa kubeba magunia haiwezi kuustahimili mpaka iimarishwe kutoka chini.

Ufundi wa kupanga na kufunga mizigo ulifika kilele chake katikati ya miaka ya 1960, Umoja na Uhuru zilipoanza kazi. Hizi zilikuwa meli za kubeba mabehewa. Sitaha ina reli, injini inasukuma mabehewa ndani kutoka gatini, na upande wa pili yanavutwa nje bila gunia moja kuguswa. Wazo hili ni jepesi kulieleza, lakini kazi yake ina hatari. Behewa lina magurudumu na springi, vitu viwili vilivyotengenezwa ili lisitulie. Basi katika meli za namna hii breki hukazwa, vizuizi huwekwa kwenye magurudumu, na minyororo hutoka kwenye fremu ya behewa hadi kwenye pete za sitaha, pande zote mbili, ikikazwa kwa skrubu. Mabehewa mazito huinuliwa kidogo kwa jeki ili springi zisicheze. Upakiaji nao huenda kwa zamu, reli ya kushoto na reli ya kulia, kwa kuwa meli iliyojazwa upande mmoja huinama ikiwa bado bandarini.

Hesabu iliyo nyuma ya minyororo hiyo haina siri. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 1991 kanuni za kupanga na kufunga shehena, na ndani yake kuna kipimo ambacho baharia anaweza kukikariri: jumla ya nguvu salama ya vifungo vya kila upande iwe sawa na uzito wa kitu kinachofungwa. Tani kumi zinahitaji vifungo vya tani kumi kushoto na vya tani kumi kulia. Tena, kifungo kilichosimama kwa zaidi ya nyuzi 60 kutoka usawa wa sitaha hakihesabiwi katika kuzuia mzigo usiteleze kwenda ubavuni. Kamba ya namna hiyo hukandamiza tu. Mtu anaweza kuona kamba nyingi juu ya shehena na kuamini iko salama, kumbe zote zinavuta kuelekea chini.

Mzigo ukihama hauui peke yake. Chombo kikiinama kwa wimbi, gunia hutelezea upande wa chini. Uzito wake hukiinamisha chombo zaidi. Mwinamo huo huliita gunia la pili. Kama mzigo ulirundikwa juu ya sitaha, kitovu cha uzito kimeshapanda, na chombo hakina tena nguvu ya kujirudisha wima. Watu nao hukimbilia upande mmoja.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Tanzania, MV Bukoba, ilipinduka karibu na Mwanza. Ilikuwa na nafasi za abiria 430. Katika bandari ya Kemondo ilikuwa imepakia watu wengine pamoja na shehena ya ndizi. Makadirio mengi ya waliokufa yanakaribia 800. Tanzania yote iliomboleza, na upande wa Kenya wasafiri wa ziwa walijua kwamba msiba ule ungeweza kutokea katika maji yao.

Mwaka uliofuata gugumaji liliziba Ghuba ya Winam. Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay zilifunikwa na zulia la kijani ambalo mitumbwi ilishindwa kulipasua. Huduma za meli za shirika la reli katika ghuba zilikuwa zikififia, na gugu lilizizidishia mkwamo. Gugu lilipopungua, meli hazikurudi kama zamani. Mzigo ulichukuliwa na malori, na kwa wakazi wa visiwa vya Mfangano na Rusinga na wa fukwe za Muhuru, ukachukuliwa na mashua za mbao zenye injini ya kuning'inizwa nyuma.

Hapa ndipo historia hii inapouma. Watu waliojua kukaza mnyororo, kupishanisha magunia na kuweka uzito chini walikuwa waajiriwa wa reli. Walistaafu na ujuzi wao. Mashua ya mbao ilirithi saruji, soda, mabati, magunia ya omena na abiria wanaokalia vyote hivyo, lakini haikurithi pete hata moja ya kufungia. Saruji huwekwa inapoangukia. Omena, kwa kuwa ni nyepesi, hupandishwa juu hadi nahodha asione mbele vizuri. Turubai hutandazwa juu ya yote kuzuia mvua, na kutoka ufukweni mzigo huonekana umefungwa.

Sheria zipo. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha Sheria ya Usafiri wa Ziwa Viktoria mwaka 2007, na Kenya ina Mamlaka ya Bahari inayosimamia usalama wa vyombo hata huku bara. Jaketi za kuokolea zimekuwa gumzo kubwa la usalama ziwani, na zinastahili. Hata hivyo jaketi ni ya baada ya chombo kupinduka. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye nafasi ya watu 101, kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, Tanzania. Zaidi ya watu 220 walikufa, nchi kavu ikionekana. Pamoja nao kivukoni kulikuwa na mahindi, ndizi na saruji.

Desemba 2019 Uhuru ilirudi kazini kutoka Kisumu baada ya kulala miaka mingi, ikivusha mabehewa ya mafuta hadi Port Bell, na mabaharia wapya wakajifunza kukaza minyororo ya zamani. Mafunzo hayo yangeweza kufika fukwe za Mbita na Karungu kwa gharama ndogo. Fundi anayeunda mashua anahitaji pete chache za chuma zilizopigiliwa kwenye mbavu za chombo, kushoto na kulia, chini kabisa. Nahodha anahitaji kamba za kutosha, alama ya rangi ubavuni ya kumwonyesha maji yakome wapi, na mkaguzi atakayefika ufukweni alfajiri, saa ya kupakia, kabla injini haijawashwa.