Siku taa zilipozimwa Piešťany

Jamani, leo mnisamehe, siandiki juu ya programu. Kila mwaka, kuanzia Desemba 26 hadi siku za kwanza za Januari, mimi hufuatilia mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni ya vijana walio chini ya miaka 20. Ndiyo, mimi Mkenya! Wenzangu kazini hunicheka. Lakini kilichonivuta kwanza haikuwa barafu, ilikuwa hitilafu ya mpangilio ambayo mwandishi yeyote wa programu ataitambua.

Mashindano rasmi yalianza mwaka 1977 huko Chekoslovakia, Wasovieti wakatwaa dhahabu. Miaka kumi baadaye yalirudi nchini humo, na hayakuwa na fainali. Timu 8, kila moja ikicheza na zote nyingine, mechi 28 kwa jumla, kisha pointi zinahesabiwa. Ni mpango safi, na ningepewa kazi hiyo huenda ningeuandika hivyohivyo. Kasoro yake ni kwamba siku ya mwisho unaweza kukutanisha timu inayopigania dhahabu na timu ambayo hata ikishinda haipati kitu.

Ndivyo ilivyokuwa Januari 4, 1987, mjini Piešťany. Kanada ilikuwa tayari na uhakika wa shaba, na ikishinda kwa tofauti ya mabao matano ingechukua dhahabu. Wasovieti, mabingwa wa mwaka uliotangulia, walikuwa nje ya medali kabisa. Refa alikuwa Hans Rønning wa Norwei. Katika kipindi cha pili, Kanada ikiongoza 4-2, ugomvi wa wachezaji wachache ukawasha moto. Mchezaji mmoja wa Kisovieti akaruka kutoka benchi, wenzake wakamfuata, Wakanada nao wakamiminika, wakashikana mashati uwanja mzima. Waamuzi waliposhindwa kuwatenganisha waliondoka barafuni. Hapo ndipo wenyeji wakafanya jambo ambalo kila fundi wa kompyuta amewahi kulifanya akikata tamaa: walizima umeme. Haikusaidia. Vijana waliendelea kupigana gizani.

Wakuu wa shirikisho la kimataifa wakakaa kikao na kuzifukuza timu zote mbili, kura 7 kwa 1, ile moja ikiwa ya Kanada. Dhahabu ikaenda Ufini, ya kwanza kwao, fedha kwa Chekoslovakia na shaba kwa Uswidi. Wachezaji walifungiwa miezi 18, adhabu ikapunguzwa baadaye hadi 6.

Mimi naona waliumizwa kuliko walivyostahili, hasa Wakanada, maana medali waliyokuwa wameshaipata kwa jasho la mechi sita ilifutwa kwa dakika chache. Hata hivyo hakuna aliyewaburuta kutoka benchi. Pierre Turgeon wa Kanada alibaki ameketi, na wapo wenzake waliomkasirikia kwa hilo. Mtu wa miaka 17!

Mechi za mtoano zilizoishia kwa fainali zilikuja mwaka 1996, miaka tisa baadaye. Sisi tukichelewa kurekebisha hitilafu kwa wiki mbili wateja hupiga simu.

Mwaka 1988 mashindano yalifanyika Moscow. Nahodha wa Kanada alikuwa Theoren Fleury, mmoja wa waliofukuzwa Piešťany. Walirudi nyumbani na dhahabu.