Utafiti wa nasaba mkoani Mara

Utafiti wa nasaba mkoani Mara ni kazi ya kutafuta majina na asili ya mababu wa familia za mkoa huo wa Tanzania, kando ya Ziwa Viktoria, kwa kulinganisha simulizi za wazee na maandishi ya makanisa na ya ardhi. Mara nyingi hufanyika kwa ajili ya mirathi au mgogoro wa shamba.

== Simulizi na majina ==
Utafiti huanza kwa wazee. Desturi ya kuandika majina matatu (la mtu mwenyewe, la baba na la babu) hutoa vizazi vitatu kwa mara moja. Hata hivyo jina la mwisho hubadilika kila kizazi, na watoto wengi hupewa majina ya mababu, hivyo ni rahisi kuchanganya watu wawili. Ndiyo maana huulizwa pia ukoo na mahali ulikotoka.

== Madaftari ya makanisa ==
Usajili wa vizazi wa serikali ya kikoloni haukuwafikia Waafrika wengi wa vijijini. Kwa sababu hiyo madaftari ya makanisa mara nyingi ndiyo maandishi pekee ya wakati huo.

Kanisa Katoliki lilifika Ukerewe mwishoni mwa karne ya 19, na misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, ilianzishwa mwaka 1911. Daftari la ubatizo huonyesha jina, wazazi, msimamizi na tarehe. Pembeni huongezwa kipaimara na ndoa. Hutafutwa katika parokia ya ubatizo, si ya makazi. Familia nyingi za Kisorya, wilayani Bunda, zina ndugu ng'ambo ya kivuko cha Rugezi, kisiwani Ukerewe. Tangu mwaka 2010 pande zote mbili zimo katika Jimbo la Bunda.

Wamennonite walianza Shirati mwaka 1934. Wao, kama Waadventista, hubatiza watu waliokwisha kufahamu imani, hivyo tarehe ya ubatizo haionyeshi umri. Hata kwa Wakatoliki ni vivyo hivyo kwa waongofu: Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alibatizwa mwaka 1943.

Tahajia nayo hutofautiana: jina moja laweza kuandikwa kwa "r" katika daftari moja na kwa "l" katika lingine.

== Hati za ardhi ==
Ardhi nyingi ya vijijini ilimilikiwa kimila bila maandishi. Uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970, ulitenganisha familia nyingi na mahame yao, yaani makazi ya zamani yenye makaburi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, nayo husajiliwa kijijini. Kwa vizazi vya nyuma, makaburi, miti iliyopandwa na ushahidi wa majirani bado ni muhimu.

== Ulinganisho ==
Nchini Eire pia watafiti hutegemea zaidi makanisa na ardhi, kwa kuwa moto wa mwaka 1922 mjini Dublin uliteketeza sehemu kubwa ya nyaraka za taifa, zikiwemo sensa za karne ya 19. Huko orodha ya wapangaji wa ardhi ya miaka 1847–1864 huziba pengo hilo. Mkoani Mara hakuna orodha ya namna hiyo. Mzee akifariki kabla ya kuulizwa, pengo lake halizibiki.